Kinamasi Kikikauka, Korongo Hana pa Kutaga

Kaunti za Kisii na Nyamira hazina mbuga ya wanyama. Hapa hakuna ndovu wa kuvamia mahindi wala simba wa kutisha ng'ombe usiku. Kwa hiyo habari za wanyamapori walio hatarini zinapotangazwa redioni, wengi wetu hudhani zinawahusu watu wa Narok, Laikipia au Taita Taveta.

Makala haya yanaeleza kwa nini sivyo. Katika nyanda za juu za magharibi mwa Kenya, zikiwemo kaunti zetu, yupo ndege aliye katika orodha ya viumbe wanaokabiliwa na hatari ya kutoweka duniani. Ndege huyo ni korongo taji. Anataga kwenye vinamasi vya mabondeni, na vinamasi hivyo ndivyo vinavyolisha chemchemi na vijito tunamochota maji. Kinachomwondoa yeye ndicho kinachokausha maji yetu.

Waliokwisha kuondoka

Kutoweka kwa wanyama si jambo geni kwa Omogusii. Koo zetu zimejitambulisha kwa wanyama tangu zamani. Wako wanaojivunia engo, yaani chui, na wako wanaojivunia enchage, yaani pundamilia. Wengine wana kiboko. Mababu hawakuchagua wanyama wa kusikia kwa mbali. Walichagua wanyama waliowajua.

Leo mtoto wa ukoo wa enchage akitaka kumwona pundamilia itambidi apande gari hadi Maasai Mara au mbuga ya Ruma iliyo Homa Bay. Hakuna siku moja iliyotangazwa kuwa pundamilia ameondoka. Msitu ulifyekwa kidogo, nyika ikalimwa kidogo, watu wakaongezeka, na mwishowe likabaki jina peke yake. Viumbe wengi hupotea kwa njia hiyo: kidogo kidogo, bila kelele, mbele ya macho ya watu wenye shughuli zao.

Korongo taji ni ndege gani?

Korongo taji ni ndege mrefu, kimo chake kikikaribia mita moja, na uzito wake ni kati ya kilo 3 na 4. Mwili wake ni wa kijivu, mabawa yana nyeupe na rangi ya udongo, mashavu ni meupe, na kichwani ana nyoya za dhahabu zilizosimama kama taji. Ndiye ndege wa taifa la Uganda, na picha yake iko kwenye bendera ya nchi hiyo.

Dume na jike hukaa pamoja kwa miaka mingi. Hujenga kiota katikati ya mafunjo na nyasi ndefu za kinamasi, mahali penye maji ya kina kifupi, ili mbwa, mbweha na watu wasifike kwa urahisi. Jike hutaga kwa kawaida mayai 2 au 3, na wote wawili huyaatamia kwa muda wa mwezi mmoja hivi. Makinda wakianguliwa hawawezi kuruka mpaka wafikishe miezi 2 au 3. Siku hizo zote hutembea na wazazi wao wakila wadudu, vyura, mbegu na nyasi changa, na hujificha majanini wakisikia hatari.

Ukijumlisha, kinamasi kinatakiwa kiwe na maji, kiwe na majani marefu na kiwe na utulivu kwa karibu miezi 4 ili kinda mmoja aweze kuruka. Majani yakifyekwa au kuchomwa katikati ya muda huo, au mtaro ukichimbwa maji yakatoka, msimu mzima umepotea.

Kuna jambo moja linalowadanganya wengi. Korongo taji ni miongoni mwa korongo wachache duniani wanaoweza kutua na kulala juu ya miti, kwa sababu kidole chake cha nyuma ni kirefu na hushika tawi vizuri. Mtu anaweza kumwona jioni ametua juu ya mkaratusi akasema, "Huyu hana shida, amezoea." Lakini mti unampa pa kulala tu. Haumpi pa kutaga.

Tena ndege huyu ana maisha marefu. Anaweza kupita miaka 20. Kwa hiyo jozi moja inaweza kuonekana bondeni mwaka baada ya mwaka, wenyeji wakaridhika kwamba korongo wapo, kumbe ni wale wale wawili wanaozeeka bila kulea kinda hata mmoja. Siku watakapokufa, bonde litakuwa tupu, na itaonekana kana kwamba wametoweka ghafla.

Hesabu za dunia

Mwaka 1985 korongo taji walikadiriwa kuwa zaidi ya 100,000 barani Afrika. Kufikia mwaka 2004 makadirio yalikuwa yameshuka hadi kati ya 50,000 na 64,000, na yameendelea kushuka tangu hapo. Mwaka 2012 Muungano wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Mazingira Asilia (IUCN) ulimweka rasmi katika kundi la viumbe walio hatarini kutoweka. Sababu kubwa ni kupotea kwa maeneo oevu. Nyingine ni kuchukuliwa kwa mayai na makinda, biashara ya kuwafuga kama pambo, sumu inayowekwa na wakulima wanaochoshwa na uharibifu wa mazao, na nyaya za umeme ambazo ndege hao hugonga wakiruka.

Korongo hayuko peke yake. Ripoti ya jopo la kimataifa la wataalamu wa bioanuwai (IPBES) iliyotolewa mwaka 2019 ilikadiria kwamba aina zipatazo milioni 1 za wanyama na mimea ziko hatarini kutoweka. Bioanuwai ni jumla ya uhai wote ulio mahali fulani: wanyama, ndege, wadudu, mimea, hata viumbe wadogo wa udongoni, na jinsi wanavyotegemeana. Ripoti hiyo ilitaja sababu kuu 5 za hasara hii: kubadilisha matumizi ya ardhi na bahari, kuvuna viumbe kupita kiasi, mabadiliko ya tabianchi, uchafuzi, na viumbe vigeni vinavyovamia. Kwa nchi kavu na maji baridi, sababu iliyotangulia zote ni mabadiliko ya matumizi ya ardhi.

Ripoti ya shirika la WWF ya mwaka 2024 nayo ilionyesha kwamba makundi ya wanyamapori yanayofuatiliwa duniani yalipungua kwa wastani wa asilimia 73 kati ya mwaka 1970 na 2020. Hii haina maana kwamba asilimia 73 ya wanyama wote wamekufa. Ni wastani wa jinsi kila kundi lililohesabiwa lilivyopungua. Walioathirika zaidi ni viumbe wa maji baridi, yaani wa mito, maziwa na vinamasi, ambao makundi yao yalishuka kwa wastani wa asilimia 85. Kwa maneno mengine, pahali panapopoteza uhai kwa kasi kubwa zaidi duniani ni pale penye majimaji, na mabonde yetu yamo.

Kazi ya kinamasi

Wazee walikijua kinamasi kama mahali pa maji, pa mafunjo na majani ya kuezekea, na pa malisho wakati wa kiangazi. Siku hizi wengi wanakiona kama ardhi iliyolala bure. Tukumbushane kazi yake.

Mvua kubwa inaponyesha kwenye milima yetu, maji huteremka kwa kasi yakibeba udongo. Yakifika kwenye kinamasi hukutana na majani mengi, hupunguza mwendo, huacha udongo hapo na kuingia ardhini polepole. Wakati wa kiangazi maji hayo hayo hutoka kidogo kidogo kupitia chemchemi na vijito. Kinamasi ni kama tangi lisilojengwa na mtu: hujaa wakati wa neema na kutoa wakati wa shida.

Mto Gucha, unaojulikana pia kama Kuja, unaanzia katika milima ya Kiabonyoru huko Nyamira, unapita Kisii, na kumaliza safari yake katika Ziwa Victoria, kaunti ya Migori. Mtambo wa Kegati unaotibu maji ya mji wa Kisii unategemea mto huo. Watu wa Nyatike, walio karibu na mdomo wake, ndio hupata mafuriko maji yakiteremka kwa pupa. Kinamasi kinachozibwa Nyamira leo kinaweza kuwa upungufu wa maji Kisii mwezi wa Januari, na mafuriko Nyatike mwezi wa Aprili.

Kwa nini vinamasi vyetu vinapungua

Lazima tuseme ukweli: watu hawaharibu vinamasi kwa kupenda. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika kaunti ya Kisii na 605,576 katika kaunti ya Nyamira. Katika kila kilomita moja ya mraba kulikuwa na watu 957 Kisii na 675 Nyamira, wakati wastani wa nchi nzima ulikuwa 82. Baba aliyerithi ekari 2 akiwagawia wana 4, kila mmoja anabaki na nusu ekari. Katika hali hiyo, kipande cha chini chenye majimaji ndicho kinachobaki cha kujaribia bahati.

Jambo la kwanza linalofanyika hapo ni kupanda mikaratusi, miti tunayoiita bulugamu. Asili yake ni Australia, na ililetwa Kenya mwaka 1902 ili kupata kuni za kuendesha treni za reli ya Uganda. Hukua haraka, haihitaji palizi, na soko lake halikosi: nguzo, mbao, kuni za viwanda vya majani chai na kuni za kuchomea matofali. Kwa mzazi mwenye karo ya kulipa, shamba la mikaratusi ni akiba ya benki.

Ubaya wake uko katika mahali, si katika mti wenyewe. Mti unaokua kwa kasi hunywa maji mengi, na huu haupumziki kwa sababu haupukutishi majani yote wakati wa kiangazi. Ukipandwa mlimani hunywa maji ya mvua yaliyo pale. Ukipandwa kwenye chemchemi hunywa maji ya kijiji. Kisha chini ya mikaratusi iliyosongamana huota majani machache, kwa hiyo mafunjo hufa, na kiota cha korongo hakina pa kujificha.

Jambo la pili ni matofali. Udongo wa mfinyanzi wa vinamasi ni mzuri kwa kazi hiyo, na vijana wengi wanaitegemea. Katika vinamasi kama Sironga, Nyamira, na Nyanturago, Kisii, uchimbaji wa udongo umeacha mashimo yaliyotuama maji machafu mahali palipokuwa na majani. Tena matofali huchomwa kwa kuni, na kuni hizo ni mikaratusi, kwa hiyo shughuli hizi mbili hulishana.

Jambo la tatu ni mitaro. Mkulima huchimba mfereji ili akaushe sehemu apande mahindi, mboga au nyasi za ng'ombe. Mwaka wa kwanza na wa pili mavuno huwa mazuri. Baadaye udongo hushuka rutuba, kiangazi hukausha kila kitu, na mwenye shamba hujikuta hana mahindi wala maji.

Sheria inasemaje

Kifungu cha 42 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 69 kinaitaka serikali kulinda bioanuwai, na kinamtaka kila mtu ashirikiane nayo katika kazi hiyo. Jedwali la Nne la Katiba limezipa serikali za kaunti jukumu la kutekeleza sera za kitaifa za kuhifadhi mazingira, ikiwemo udongo, maji na misitu.

Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999 inakataza kukausha kinamasi, kukichimba au kupanda mimea ndani yake bila idhini. Kanuni za maeneo oevu na kingo za mito zilizotolewa mwaka 2009 zinataka ukanda wa ukingo wa mto uhifadhiwe kwa upana usiopungua mita 6 na usiozidi mita 30 kila upande, kuanzia pale maji yalipofika wakati wa mafuriko makubwa zaidi. Mwaka huo huo marehemu John Michuki, aliyekuwa Waziri wa Mazingira, aliagiza mikaratusi iliyopandwa kwenye vyanzo vya maji iondolewe. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 nayo hairuhusu mtu kuwaua, kuwanasa au kuwafuga wanyamapori kama korongo bila kibali.

Ni kweli kwamba amri peke yake haijatosha. Mkaratusi ukikatwa bila kushughulikia kisiki huchipua tena, na baada ya miaka michache kinachoonekana ni miti mingi kuliko ile ya kwanza. Na mkulima akikatiwa miti bila kujua atapata wapi karo, naye atapanda tena. Kinamasi kitapona pale tu mwenye shamba atakapoona njia nyingine ya kuishi.

Waliojaribu wakafaulu

Huko Kipsaina, kaunti ya Trans Nzoia, kikundi cha wenyeji kimehifadhi vinamasi na korongo kwa zaidi ya miaka 30. Hawakusubiri mbuga itangazwe. Walioteshea miche ya miti ya kienyeji, wakazungumza na majirani waliokuwa wakilima hadi ndani ya maji, na wakashirikisha shule. Kazi yao ilianzia kwenye mashamba yao wenyewe.

Nchini Rwanda, ambako watu wamesongamana kama kwetu, korongo wengi walikuwa wamenaswa na kufugwa majumbani na hotelini kama mapambo. Serikali na wahifadhi waliwaomba wenye ndege hao wajisajili bila kuadhibiwa, kisha ndege wenye afya wakarudishwa porini. Wananchi walifunzwa kuwahesabu na kulinda viota. Hesabu ya mwaka 2017 ilipata korongo 487 nchi nzima. Kufikia mwaka 2023 walikuwa wamepita 1,000. Hili linatuonyesha kwamba ndege huyu hurudi akipewa nafasi, hata katika nchi ya mashamba madogo.

Dunia nayo imejiwekea lengo. Mwezi Desemba 2022 nchi zilizokutana Montreal, Kanada, zilikubaliana kuhifadhi asilimia 30 ya nchi kavu, maji na bahari kufikia mwaka 2030. Kenya ina maeneo oevu 6 yanayotambuliwa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar, kama vile Ziwa Nakuru na delta ya Mto Tana. Hakuna hata moja lililo Kisii au Nyamira. Kwa hiyo vinamasi vyetu havina askari wa kuvilinda. Walinzi wake ni wenye mashamba yanayopakana navyo.

Mambo ya kufanya katika shamba lako

1. Pima ukingo wako. Kabla ya msimu wa kupanda, pima kutoka pale maji hufika wakati wa mafuriko. Ukanda huo usiulime. Ukiwa na shaka juu ya upana unaotakiwa, waulize maafisa wa mazingira.

2. Ondoa mikaratusi iliyo majini kwa mpango. Anza na ile iliyo kwenye chemchemi na kinamasi chenyewe. Uza nguzo na kuni zake. Bambua maganda ya kisiki hadi chini, kifunike kwa udongo, na uendelee kung'oa machipukizi. Kama unahitaji mikaratusi kwa mapato, ipande sehemu ya juu iliyo kavu, mbali na maji.

3. Badilisha miti ya ukingoni. Panda miti ya kienyeji inayopatana na maji, kama mizambarau-mwitu na mikuyu, au mianzi. Mianzi huanza kuvunwa baada ya miaka michache na huchipua tena bila kupandwa upya.

4. Vuna kinamasi bila kukikausha. Mafunjo ya kusukia mikeka na majani ya kuezekea yanaweza kukatwa kwa zamu, sehemu moja ikiachwa ikue. Mizinga ya nyuki iwekwe pembeni. Nduma hustawi penye unyevu, pembezoni, bila haja ya kuchimba mtaro wa kutoa maji.

5. Usichome majani ya kinamasi. Moto huangamiza mayai, makinda, vyura na mizizi inayoshika udongo.

6. Ukiona kiota, kaa mbali nacho. Zuia mbwa na waelekeze watoto wasichukue mayai wala makinda. Wafungie ng'ombe sehemu hiyo kwa miezi michache.

7. Korongo wakila mbegu shambani, usitumie sumu. Waweke watu wa kuwafukuza kwa siku zile chache baada ya kupanda, kwa kuwa mimea ikikua hatari hupungua. Sumu haichagui: huua ndege, huua mbwa, na huingia kwenye maji unayokunywa.

8. Toa taarifa. Uchimbaji au ukaushaji wa kinamasi uripotiwe kwa chifu, kwa ofisi ya mazingira ya kaunti au kwa mamlaka ya mazingira, NEMA. Ndege aliyejeruhiwa, aliyenaswa au anayeuzwa aripotiwe kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS.

Walimu wenye vilabu vya mazingira wanaweza kuwapa wanafunzi kazi rahisi: kuhesabu korongo wanaoonekana katika bonde la karibu kila mwezi, na kuandika kama wana makinda. Kumbuka kwamba hesabu ya watu wazima peke yake haitoshi. Swali la maana ni hili: je, mwaka huu wamelea? Mabaraza ya machifu nayo ni mahali pazuri pa majirani wanaopakana na kinamasi kimoja kukubaliana juu ya mipaka, kwani mmoja akiacha nafasi na mwenzake akachimba mtaro, wote watakosa maji.

Pundamilia na chui walituachia majina ya koo. Korongo bado yupo, na kinamasi bado kinaweza kupona mahali ambapo udongo haujachimbwa wote. Mvua ndefu zijazo zikianza, tazama sehemu ya chini ya shamba lako. Ukiona maji yametulia kati ya majani, yaache hapo.